Kisanduku Nilichokilegeza

Kabeza, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025. Asubuhi: mvua nyembamba tangu alfajiri, ukungu upande wa Kanombe, ndege ya kwanza imesikika bila kuonekana.

Mwanangu Keza,

Umekwenda misa ya kwanza na mjomba wako, nami nimebaki nikisingizia nguo za kupiga pasi. Nguo zako zimepigwa pasi tangu jana. Nilitaka utulivu kidogo ili nikuandikie, kwa sababu mambo mengine nikiyasema kwa mdomo nayasema vibaya, napandisha sauti, na wewe unaondoka chumbani.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala za kupiga simu, wala za kuchagua marafiki huko Nairobi. Hayo nitakuambia mlangoni kesho, nawe utaitikia "ndiyo Mama" huku unatafuta chaja. Nataka kukuandikia habari ya Ijumaa mezani.

Ulikuwa unatueleza kazi yako mpya, na uso wako ulikuwa na furaha ambayo sijaiona muda mrefu. Ulisema kampuni inatengeneza violezo vya tovuti vinavyotumiwa na ofisi katika nchi kadhaa, na wewe ndiye utakayevitunza. Nikakuuliza kama vinasomeka kwa simu inayosoma kwa sauti. Ukasema, "Mama, hayo ya wasioona yako kwenye awamu ya pili." Nikaacha kutafuna. Mjomba wako aliendelea kula, kisha akauliza taratibu, "Awamu ya pili ni lini?"

"Bado haijapangwa, Mjomba."

"Basi nitasubiri. Mimi sina haraka. Hata giza likiingia siambiwi."

Ukacheka, naye akacheka. Mimi nilikwenda jikoni kufungulia maji.

Wewe unajua nilichofanya. Nyumba nzima inajua, sijawahi kukificha. Lakini hujui jinsi nilivyokifanya, na hilo ndilo linalonisumbua kila ninapokuona na kompyuta yako. Ungejua jinsi, usingesema "awamu ya pili" kwa sauti nyepesi namna ile. Mimi pia niliisema kwa sauti nyepesi.

Nilipoingia ofisini Kiyovu walinichukua kwa sababu ya Kiswahili changu. Nilikulia Karagwe na mjomba wako Damasi, tulisomea huko, na ofisi ilihitaji mtu wa ukurasa wa Kiswahili kwenye tovuti yake ya matangazo. Sikuwa na elimu ya kompyuta zaidi ya sekondari na kozi fupi. Mwalimu wa kozi alituambia kwamba kiolezo ni kama kalibu ya tofali. Anayeweka udongo anabadilika kila siku, lakini tofali linatoka kwa umbo la kalibu. Nilimwelewa mara moja, kwa sababu mimi na Damasi tulifyatua tofali utotoni.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa kiolezo cha matangazo, nilikitengeneza kwa kumfikiria mtu mmoja tu. Mjomba wako alikuwa ameshapoteza jicho la kulia kwa presha ya macho, na la kushoto lilikuwa limebakiwa na vivuli. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake, kupokea simu za hoteli, alikaa pale ukumbini na kusikiliza ukurasa wetu. Alisikiliza wa Kiswahili, kwa sababu simu yake ilikuwa ikisoma Kinyarwanda kama padri mgeni aliyeshuka ndege jana. Unakumbuka ulivyokuwa ukiiga ile sauti, yeye akishika mbavu.

Niliweka kisanduku cha maandishi kamili ya tangazo, na usipokijaza mfumo unakataa kuchapisha. Nikaweka cha maelezo ya picha, nacho hakikubali kuachwa kitupu. Vichwa nilivipanga kwa daraja ili simu iweze kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Kila kitufe kilikuwa na jina lake. Na kila ukurasa ulitaja lugha yake, ili sauti isomayo isikosee. Damasi alijaribu kila kitu hapa mezani. Siku ya mwisho aliniambia, "Dada, leo nimesoma tangazo kama mtu." Sikuomba sifa nyingine kazini tangu siku ile.

Haikuharibika siku moja. Ndiyo sababu nakuandikia kirefu.

Kwanza walikuja wenzangu. Josiane wa dawati la pili, yule mcheshi aliyekuja kwenye komunyo yako, aliniita kutoka mezani kwake: "Mama Keza, hii mashine yako inanikatalia tangazo! Inataka nini tena?"

"Inataka uandike maneno yaliyo ndani ya picha."

"Lakini maneno yako ndani ya picha!"

"Kwa macho yako."

"Sasa nisomee kwa macho ya nani, sha?"

Ofisi nzima ikacheka, na mimi pia. Baada ya hapo Josiane alivumbua njia. Katika kisanduku cha maelezo ya picha aliweka nukta moja, mfumo ukaridhika. Wengine wakajifunza kwake. Niliziona zile nukta. Nilisema moyoni kwamba nitawafundisha vizuri wiki ijayo, kazi zikiwa chache.

Damasi naye alileta habari hizo nyumbani, lakini alizileta kama utani. "Ofisi yenu siku hizi inanisalimia kwa nukta. Nafungua tangazo, simu inasema, 'Nukta.' Nami naijibu, nukta na wewe pia." Ulicheka hadi ukamwaga chai. Nilicheka pia, Keza. Mtu alikuwa ananiambia kwamba mlango umeanza kukwama, nami nikamsifu kwa jinsi anavyoeleza.

Kisha akaja mkurugenzi. Wewe umekulia hapa, unajua karatasi isiyo na kashe inavyotazamwa. Mtu atakuletea barua yenye maneno sahihi yote, na mpokeaji ataigeuza nyuma na mbele akitafuta ule muhuri wa duara wa wino wa bluu. Mkurugenzi alifungua tovuti mbele yangu.

"Consolata, hii tangazo, kashe iko wapi?"

"Maandishi hayawezi kugongwa kashe, Mkurugenzi. Ile yenye kashe nimeiweka chini yake, wanaweza kuifungua."

"Sasa mtu atajuaje ni yetu? Kuandika, kila mtu anaandika. Weka ya kashe."

"Ziko zote mbili."

"Mbili zinachanganya watu. Weka ya kashe tu. Iskani, ipandishe, basi."

Nilimweleza habari ya simu inayosoma. Alinisikiliza kwa adabu, siwezi kumsingizia. Akauliza, "Wamelalamika wangapi?" Nikasema hakuna. Akafungua mikono, hivi, kama mtu aliyemaliza hesabu.

Nilirudi mezani na kukilegeza kile kisanduku cha maandishi. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko kufunga kifungo cha shati. Unaondoa alama moja mahali palipoandikwa "lazima," unahifadhi. Kilibaki pale pale kwa wenye kupenda kujaza. Nilijiambia ni kwa muda, nitapata njia ya kuweka kashe na maandishi pamoja, nitamwonyesha, atakubali. Unajua mimi ni mtu wa kuandika kila siku kwenye daftari langu, hata bei ya maharage. Nimeitafuta siku hiyo. Nimeandika kwamba mvua ilinyesha mchana na kwamba ulirudi shule umelowa. Kisanduku hakimo. Sikuona kwamba ni jambo la kuandikwa.

Mmerudi. Nasikia fimbo ya Damasi kwenye ngazi. Nitaendelea baadaye.

Mchana. Mvua imekatika, jua kali.

Mmelala nyote wawili baada ya chakula, naendelea.

Tangazo lenyewe lililotuumiza sikulipandisha mimi, na kwa muda nilijifariji kwa hilo. Lilipandishwa na Josiane nikiwa likizo ya wiki moja, ile tuliyokwenda kwa shangazi yako. Lilisema kwamba kituo kinachogawa dawa za macho kimehama Kiyovu na kwenda Busanza, na wagonjwa wote wajiandikishe upya kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo wasubiri awamu nyingine. Karatasi moja iliyoskaniwa, saini, kashe ya bluu katikati kabisa. Katika maelezo ya picha, nukta. Katika kisanduku cha maandishi hakuna kitu, na mfumo haukukataa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeuambia usikatae.

Niliporudi niliona kwenye orodha kichwa "Tangazo Muhimu." Matangazo yetu yote yanaitwa hivyo. Sikulifungua. Nilikuwa na yangu ya kupandisha. Nikakuta asubuhi Damasi anasikiliza ukurasa kama kawaida, nikapita nyuma yake na chai yangu nikidhani anasoma.

Aliniambia mwenyewe baadaye jinsi ilivyokuwa. Siku yake ya dawa alikwenda Kiyovu. Akagonga, akagonga. Mlinzi wa jirani akamwambia, "Mzee, hapa hawako tena. Walihama. Hukuona tangazo?"

Anaisimulia hiyo hadi leo kwa wageni, wanacheka. "Hukuona tangazo!"

Alirudi nyumbani akafungua ukurasa wa malalamiko wa tovuti yetu. Huo sikuwa nimeutengeneza mimi, ulinunuliwa mahali fulani, kiolezo cha watu wengine, na ulikuwa mzuri sana kwa macho. Simu ikamwambia, "Kisanduku. Kisanduku. Kisanduku. Kitufe." Hakuna chenye jina. Akajaza kwa kubahatisha, akabonyeza, ukamrudisha mwanzo. Akajaza tena. Mara ya tatu akaacha. Ndipo nikaelewa kwa nini, mkurugenzi aliponiuliza wamelalamika wangapi, jibu lilikuwa hakuna. Mwanangu, katika barua hii yote nakuomba ukae na hilo tu. Anayeweza kulalamika ni yule ambaye ukurasa umemfungukia. Wengine wanafika mlangoni, wanapapasa, wanaondoka, na kwako ofisini panakuwa kimya. Nami ukimya ule niliuita kazi nzuri.

Alipofika Busanza uandikishaji ulikuwa umefungwa. Akabaki na nusu chupa. Akaipunguza mwenyewe, tone moja badala ya mawili, kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliwaambia. Kwenye tovuti yenu."

"Mimi, Damasi. Mimi dada yako, tunalala nyumba moja."

"Ulikuwa umechoka. Na mimi si mtoto wa kusomewa. Wewe ndiye uliyenizoesha kusoma mwenyewe."



Jioni ile tuliyojua, wewe unaikumbuka kuliko mimi. Ulisimama mlangoni na taa ya uani nyuma yako, kama ulivyozoea, ukingoja akutambue. Alikuwa anakutambua kwa nywele tu, kivuli cha nywele zako, anasema, "Karibu, mti wangu." Ulisimama. Yeye akageuza kichwa kidogo na kusema, "Nani huyo?" Ulicheka, ukadhani anatania. Ukasogea hatua moja. Akasema tena, kwa adabu, kama anavyosema na wageni wa hoteli, "Samahani, ni nani?"

Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni kujua taa imewashwa au imezimwa. Kwa dawa kitabaki. Bila dawa nacho kitakwenda.

Nilirudisha ile alama ya "lazima" siku iliyofuata, bila kumwomba mtu. Wakanung'unika, mkurugenzi akaniacha kwa muda kwa sababu alijua habari za nyumbani. Damasi hajanilaumu hata mara moja, na hilo halinipunguzii kitu. Nimewahi kufikiri kuwa labda mzigo huu ni mkubwa kwa sababu ni ndugu yangu. Sasa nafikiri kinyume. Namjua huyu mmoja kwa sababu anaishi kwangu. Lile tangazo lilikuwa la wagonjwa wa macho, Keza. Watu wa macho, tumewatumia picha. Wengine waliosikia "nukta" asubuhi ile siwajui majina, wala hawana dada ofisini, na hakuna mahali pa kuwatafuta.

Sikuandikii ili uende Nairobi ukagombane na kila mtu. Mimi sikuwahi kugombana na mtu, na labda ndiyo kasoro yangu. Nakuandikia kwa sababu watakuja kwako watu wazuri, wacheshi kama Josiane, waungwana kama mkurugenzi, na hakuna atakayekuambia "mfungie kipofu mlango." Watakuambia legeza hiki kidogo, ni kwa muda. Na kiolezo chako hakitatoa tangazo moja. Kitatoa matangazo ya ofisi ambazo hutazijua, miaka ambayo hutakuwepo.

Umeamka, unaniita nikutafutie lile begi dogo.

Usiku. Mawingu yamerudi, hakuna upepo.

Nilikuwa nimeifunga barua hii. Naifungua tena kwa sababu kumetokea jambo, na kesho utaamka ukute sipo.

Unajua uandikishaji wa awamu mpya ya dawa unaanza kesho Busanza na unafungwa saa sita mchana. Tangazo nililipandisha mwenyewe Ijumaa, maneno yote, kwa lugha zote, na karatasi yenye kashe chini yake. Damasi nilimwambia kwa mdomo siku hiyo hiyo. Sikutaka kujaribu bahati mara ya pili kwa jicho la mtu.

Ulipoingia kuoga, nilisikia simu yake ukumbini. Anasikiliza ukurasa usiku, kazoea. Ile sauti ya Kiswahili ikasema, "Tangazo Muhimu." Kisha ikasema, "Nukta."

Nilisimama mlangoni. Hakugeuka.

"Ni wewe, Dada?"

"Ni mimi."

"Ijumaa lilikuwa linasema. Leo limenyamaza."

"Wewe unajua tayari, nilikuambia. Kesho saa tatu, Busanza."

"Mimi ndiyo," akasema. "Na wale wengine, nani anakwenda kuwagongea?"

Nimefungua kompyuta. Mkurugenzi alimwambia Josiane aondoe maandishi yangu abakize kashe tu, na ili mfumo ukubali wakakilegeza kisanduku wenyewe. Josiane ameniandikia: "Mama Keza, nisamehe, ameniambia mara mbili. Mimi nina watoto." Simlaumu. Maneno hayo hayo ningeweza kuyaandika mimi wakati ule.

Nimerudisha maandishi, nimekaza kisanduku, na nimebadilisha maneno ya siri ili wasikilegeze tena. Baada ya muda mfupi mkurugenzi amepiga simu.

"Consolata, nani amekutuma?"

"Hakuna, Mkurugenzi."

"Toa hayo maneno."

"Yatatoka saa sita mchana, uandikishaji ukifungwa."

"Kesho saa moja ofisini kwangu. Na funguo za mfumo uje nazo." Anamaanisha maneno ya siri. Sijui kama nitarudi na kazi. Nadhani sitarudi nayo. Najua pia kwamba nikishayakabidhi wataweza kuyafuta maandishi ya tangazo saa mbili asubuhi, na nimefikiri sana namna ya kuchelewa kukabidhi. Nitazungumza polepole. Nitamweleza kila kitu tangu mwanzo, habari za kalibu, za nukta, za mlinzi. Nitamsimulia mjomba wako mpaka saa sita ikiwezekana, na akitaka kunifukuza atanisikiliza kwanza.

Kwa hiyo sitakusindikiza, mwanangu. Hayo ya kula na kupiga simu niliyoyaweka kwa ajili ya mlangoni, yahesabu kuwa nimeyasema.

Mjomba wako atapanda nawe teksi hadi uwanja wa ndege, kisha dereva atampeleka Busanza. Mwambie dereva amfikishe mlangoni hasa, asimwache barabarani. Na kabla hujaingia ndani, muage upande wenye mwanga. Hatakuona. Lakini ukisimama kati yake na mwanga, kidogo patakuwa giza, naye atajua kuna mtu amesimama hapo. Mwache akae na hilo kidogo kabla hujamwambia ni nani.

Mama yako.

Jumatatu alfajiri, mawingu, mvua bado haijaanza. Nimelifungua tangazo tena kabla ya kutoka, maneno yapo. Nililala saa tisa na robo.